Kielelezo Namba Tatu

Saa tisa kasoro robo usiku nilisikia misumari ikilia,
misumari ya zamani, ile isiyotoka ila kwa ugomvi,
nikajua kuna mtu jikoni.
Nje theluji ilikuwa imefika vitasani mwa magari.
Nikapiga simu. Nilisema neno moja: mwizi.
Neno likatoka, likaota miguu.

Walimkuta amepiga magoti, nondo sakafuni,
kakumbatia ubao mmoja wa mwimo wa mlango.
Orrin Haugland, miaka ishirini na sita, fundi bomba.
Hakukimbia. Alisema tu, "Msiuvunje."

Nyumba ilikuwa yao kabla ya benki.
Sisi tuliipata mnadani, hapa Duluth, kwa bei ya kutupa,
na hatukuuliza nani alilia kwenye ngazi.
Ubaoni kuna mistari ya penseli:
Orrin, miaka minne. Orrin, saba. Orrin, tisa na nusu.
Signe, mitano. Signe, sita.
Signe hana mstari wa saba.

Kwenye hati ya mashtaka hakuna Signe.
Kuna kuingia, bila ruhusa, katika makazi ya mtu,
usiku, watu wakiwamo, kwa nia ya kuiba.
Watu wakiwamo: ndio mimi na wanangu wawili, tumelala.
Ni pumzi zetu zilizolipandisha kosa daraja.
Wiki ile tungekuwa kwa mama yangu, Fargo,
angesomewa kitu chepesi zaidi.

Nilimwendea mwendesha mashtaka, Bi. Wachowiak,
na barua: nimesamehe, naomba kesi iondolewe.
Aliisoma yote, sitamsingizia.
Kisha akanisogezea jalada, kidole juu ya mstari wa kwanza.
Jimbo dhidi ya Haugland.
"Wewe uko wapi hapo?"
Sikuwapo.
Kesi nimeizaa mimi, imekwenda kulelewa kwingine.

Mama yake aliuza gari; dhamana haikutimia.
Akakaa ndani siku arobaini na moja.
Ya kumi, kazini walimwandikia barua.
Wakili aliyepewa na serikali alikuwa na majalada tisini, na mafua.
Alimwambia: ukikiri, miezi minane, halafu uangalizi miaka mitano.
Ukibisha tukashindwa, sikuahidi kitu.

Jaji aliuliza thamani ya kielelezo namba tatu.
Karani akasoma:
"Ubao wa msonobari, uliotumika. Dola kumi na moja."
Mtu mmoja nyuma yangu akacheka.
Orrin alikuwa anatazama kandambili za jela, za rangi ya chungwa,
soksi zake hazilingani.
Akakiri. Sauti haikufika safu yangu;
nilijua amekiri kwa jinsi mama yake alivyofunga mkoba.

Ametoka sasa. Duluth si kubwa, mambo hunifikia.
Kila fomu ya kazi ina kisanduku chake,
na mkono wake mwenyewe ndio lazima ukitie alama.
Mwenye nyumba mmoja alimwita kijana mwema
mpaka alipofika ukurasa wa pili.
Na ufundi? Nani atamfungulia mvunja nyumba
mlango wa nyumba, aende peke yake chini kwenye mabomba?

Ubao wamenirudishia. Nilitia sahihi.
Kwa sheria ni wangu, mistari na yote.
Ningempelekea. Kwa mama yake ni dakika kumi na mbili.
Lakini ipo amri: asinikaribie, asiwasiliane nami.
Nilimpigia wakili, nikauliza, je, nikienda mimi?
Akasema: nenda, mama.
Ukibisha hodi akafungua, aliyevunja amri ni yeye.

Basi umesimama nyuma ya friji, ndani ya blanketi.
Pengo la mwimo sijaliziba. Upepo wa ziwani unapita,
mume wangu ananung'unika kuhusu bili ya gesi.
Jana usiku niliutoa, nikaugeuza.
Upande wa nyuma, usio na jina la mtu,
nimeandika kwa penseli
tarehe ambayo amri itakwisha.